Paa la Samaki wa Sultani

Palikuwa na Sultani mmoja, Mkame bin Badi, mtu wa tumbo kubwa na subira ndogo, aliyependa samaki kuliko raia zake. Si samaki wa kula, la. Samaki wa kutazama! Nahodha mmoja kutoka Uchina alimletea tunu ya samaki wekundu na weupe, wanene, wavivu, wenye masharubu kama mawaziri. Sultani akawachimbia kidimbwi bustanini, akawapa majina ya shangazi zake, na kila asubuhi akawaamkia wao kabla ya mkewe.

Siku moja akaja na jipya. Samaki wanapigwa na jua, akasema. Tena masika yanakuja, watanyeshewa!

"Watalowa, Bwana?" Waziri akauliza, kisha akaona macho ya bwana wake, akakohoa. "Naam. Watalowa. Maskini!"

Ikatoka amri. Lijengwe banda juu ya kidimbwi, lisilo na kuta, lenye nguzo za mbao na paa zuri, na mbao zake zisiwe za kuliwa na mchwa. Maseremala wakahangaika mji mzima. Wakapata nyumba moja tu ambayo boriti zake mchwa walizionja wakazitema. Nyumba ya Bi Mize, mjane, mkaanga samaki. Miaka yote alikaanga humo humo ndani, moshi ukapanda, boriti zikawa nyeusi tii na ngumu kama kichwa cha mwenyewe.

Askari wakaja na ngazi. Bi Mize akajifunga kanga kiunoni, akaenda barazani kwa Sultani, mbele ya watu wote.

"Bwana, masika yako mlangoni. Ukichukua paa langu, nitalala wapi?"

"Hapo hapo unapolala."

"Nitanyeshewa."

"Wewe ukilowa si utakauka?" Sultani akasema. "Samaki wangu wakishalowa hawakauki!"

Akacheka hadi kilemba kikamlalia sikioni. Watu nao wakacheka, maana nani angethubutu kununa? Bi Mize akangoja wamalize.

"Sawa, Bwana. Na chungu changu? Na kitanda changu, na kuku wangu? Askari wako wana mikono mirefu kuliko ngazi zao."

Sultani akavimba. "Mimi si mwizi! Nimetaka paa, nachukua paa. Paa ni langu. Kilicho chini ya paa hilo ni chako, na nisisikie mtu amekigusa!"

"Kilicho chini ya paa ni changu?"

"Chako!"

"Hutageuka, Bwana?"

"Mimi nigeuke? Nikishatamka, nimetamka!"

"Basi lipigiwe mbiu neno hilo, mji wote usikie."

Likapigiwa mbiu. Askari mmoja aliyekuwa ameshamtia jogoo kwapani akamwachia shingo upande. Paa likashushwa, likabebwa boriti kwa boriti, kuti kwa kuti, likasimamishwa juu ya kidimbwi. Lilipendeza, tuseme kweli. Bustani nzima ilinuka samaki wa kukaanga, lakini hakuna aliyelitaja hilo mbele ya shangazi.

Na Bi Mize? Mvua ya kwanza ilimkuta kitandani. Akahamia na kuku wake chini ya meza, amelowa chapachapa, akautukana ukoo wa Sultani kuanzia babu. Halafu akalia. Boriti zile aliyezipandisha ni marehemu mumewe, kwa mikono yake, na iliuma, jamani, iliuma kuliko baridi.

Kulipokucha akabeba jiko, kikaango, mafuta, chumvi na ndimu, akaenda bustanini. Wateja wake wakamfuata na sahani zao. Askari wa lango akamuuliza aendako.

"Kuchukua vyangu. Mbiu hukuisikia?"

Alikuwa ameisikia. Akampisha.

Sultani alisikia mafuta yakichachatika. Akatoka mbio, peku, kilemba mkononi, Waziri nyuma yake, akasimama nje ya banda kwenye manyunyu.

"We mwanamke! Wafanya nini?"

"Nachagua, Bwana." Bi Mize alikuwa amechutama ukingoni. "Huyu mwekundu mnene anaitwa nani?"

"Huyo ni Shangazi Zuhura! Usimguse!"

"Ana mafuta, mashaallah. Atajikaanga mwenyewe."

"Samaki hao ni wangu!"

"Wako chini ya paa gani?"

"La... langu."

"Na kilicho chini ya paa hilo ni cha nani?"

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama mawingu. Kule langoni mteja mmoja akaanza kuirudia mbiu kwa sauti, neno kwa neno.

"Nilikuwa nasema vyungu!" Sultani akafoka.

"Vyungu nilivitaja mimi, Bwana. Wewe ulisema kilicho chini ya paa."

"Nitakukata kichwa!"

"Kata. Kisha upige mbiu nyingine, kwamba neno la Sultani linachacha kabla ya uji wa asubuhi."

Watu wakacheka, na safari hii hawakuangalia nani anawaona. Sultani akashusha sauti.

"Wataka nini, Bi Mize?"

"Paa langu. Lirudi leo juu ya kitanda changu, mvua haijashika kasi. Nami nitakuachia kila kilicho chini yake hapa."

Hapo kiburi kikampanda tena. Akaingia bandani kwa kishindo mpaka ukingoni mwa kidimbwi, akapiga mguu chini, tumbo likatikisika.

"Kaanga!" akanguruma. "Wakaange wote! Nitaagiza wengine. Paa halitoki!"

Bi Mize akamtazama kuanzia vidole vya miguu mpaka utosini, polepole, kama mtu anayepima samaki sokoni. Akainua macho kwenye boriti zake, juu kidogo ya kichwa cha Sultani. Kisha akaongeza mafuta kikaangoni.

"Haya, Bwana," akasema. "Ila na wewe sasa uko chini ya paa."