Kalunde na Uyoga wa Siku Nne

Nawaita!

— Tumeitika.

Msitu una masikio?

— Unayo.

Na ninyi?

— Tunayo mawili mawili.

Basi fungueni moja, jingine lizibeni, neno lisije likaingia huku likatokea kule.

Hapo kale, watu walipokuwa wakisemezana na wanyama, palikuwa na mjane aitwaye Kalunde. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kijijini, na nyuma yake ulianza msitu wa miombo. Kila mwaka masika yakielekea ukingoni na kipupwe kikibisha hodi, Kalunde aliingia msituni asubuhi. Akatembea, akachutama, akatazama. Jua likipanda akarudi, na mikononi hana kitu.

Majirani walimcheka. Walimuuliza kuni ziko wapi, mboga iko wapi. Akawajibu kwamba alikwenda kutazama. Wakacheka zaidi. Kalunde akanyamaza, na tangu siku hiyo hakumweleza mtu alichokiona.

Siku moja alimkuta Kobe chini ya mti, anatafuna uyoga mweupe, mzuri kama yai.

"Kobe, uyoga huu mtamu?"

"Mtamu."

"Nami nile?"

"Tumbo langu nalijua. Lako silijui."

Akaenda mbele. Akamkuta Kindi, naye anatafuna uyoga uleule.

"Kindi, uyoga huu mtamu?"

"Mtamu."

"Nami nile?"

"Tumbo langu nalijua. Lako silijui."

Akaenda mbele. Akamkuta Nyani dume, ameshiba, anajilamba vidole. Huyo hakungoja kuulizwa.

"Nimeula, Kalunde. Mtamu kuliko asali."

Kalunde hakuula. Kesho yake alirudi, akamkuta Nyani amelala anatapika. Siku ya tatu akamkuta ameketi mtini anakula matunda, anasema amepona. Siku ya nne akawakuta nzi.

Kalunde aliketi pale muda mrefu. Kisha akaung'oa uyoga mmoja kwa kijiti, akaupindua. Chini ya kofia, weupe. Shingoni, kipande cha ngozi kama ushanga. Na shina limesimama ndani ya kikombe kilichofukiwa udongoni. Akaliweka hilo moyoni, wala hakumwambia mtu.

Mwaka uliofuata nzige walishuka. Walikula mtama, wakala majani ya maboga, wakala hata nyasi za mapaa. Watoto wakaanza kuvimba miguu. Mtemi, mtawala wa nchi ile, akaamuru watu wote waingie msituni, kila mtu alete atakachopata.

Luhende, mdogo wake Mtemi, alikuwa mtu hodari na mkarimu. Ndiye aliyerudi na kapu limejaa uyoga mweupe. Akawaambia watu kwamba amemwona Kobe akiula, na Kindi akiula, basi hicho ni chakula. Uyoga ukatiwa vyunguni, vyungu vikawekwa mafigani.

Kalunde akapita katikati ya watu mpaka mbele ya Mtemi, akapiga magoti.

"Mtemi, uyoga huu unaua."

Luhende akauliza kwa upole, "Mama, Kobe amekufa?"

"Hajafa. Lakini Nyani amekufa, nami nilimwona."

Akawaonyesha ushanga wa shingoni, akawaonyesha kikombe. Watu wakanung'unika. Mtemi akamtazama Kalunde, akawatazama watoto.

"Kalunde, ukiwanyima watu chakula cha kweli, utaihama nchi hii."

"Nitaihama. Ila nipe siku nne niwatafutie watu chakula kingine, na vyungu vikae bila moto."

Mtemi akakubali. Luhende hakukubali. Alichukua sehemu ya uyoga ule, akaupika nyumbani kwake, akala peke yake. Hakuwa mlafi. Alitaka watu waone, wapate moyo, watoto wale.

Kalunde alipopata habari hiyo alimkimbilia, akamsihi ajitapishe. Luhende akasema anajisikia vizuri, na kweli alikuwa akicheka. Hiyo ni siku ya kwanza.

Kalunde akaingia msituni mbio mpaka kwenye kichuguu kikubwa, akabisha.

"Mchwa, watoto wanakufa njaa. Kipi kilicho chenu ambacho tumbo langu linakijua?"

Mchwa wakajibu, "Sisi tunalima chini, uyoga unatokea juu. Fuata shina kwa kidole. Likishuka refu kama mzizi mpaka nyumbani kwetu, wala halina kikombe, huo ni shamba letu. Chukueni, mtuachie mbegu."

Kalunde akafuata shina kwa kidole. Likashuka, likashuka, likashuka. Akachuma, akabeba, akapika mbele ya watu wote, akala yeye kwanza. Kisha watoto wakala.

Siku ya pili Luhende alitapika mpaka akaishiwa nguvu. Siku ya tatu aliamka, akaomba uji, akatembea uani. Watu wakapiga vigelegele. Wakasema ugonjwa umepita, na kwa kuwa uyoga wa mchwa haukuwatosha wote, wakataka kuwasha moto chini ya vile vyungu vya kwanza.

Kalunde peke yake alikuwa analia. Akasimama mbele ya vyungu, akatandaza mikono.

"Bado siku moja. Nipigeni mkitaka, lakini sitoki."

Hawakumpiga. Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, Luhende alifariki.

Wakamzika. Mtemi mwenyewe akapindua vyungu, akafukia vilivyomo. Kisha akamwita Kalunde, akataka kumshukuru mbele ya watu. Kalunde akakataa shukrani.

"Nilijua tangu mwaka jana. Mlinicheka, nikakasirika, nikanyamaza. Ningesema wakati ule, Luhende angekuwa hai."

 Mtemi akasema, "Basi sema sasa. Hatutacheka tena."

Tangu mwaka ule, masika yakielekea ukingoni, kijiji kizima kilimfuata Kalunde msituni. Walitembea, wakachutama, wakatazama. Kila mtu alipewa uyoga aupindue mwenyewe, aseme anaona nini. Mjane wa Luhende alitembea mstari wa mbele, na ndiye aliyekuwa akiuliza maswali mengi kuliko wote.

Ngano inatufundisha hivi: ukiona, tazama; ukitazama, jua; na ukijua, sema, hata wakikucheka. Tena, usile kwa tumbo la mwenzako.

Mimi nilifika nao kwenye kichuguu. Mchwa wakaniuliza nimekuja kulima au kula. Nikasema nimekuja kusimulia. Wakaning'ata, nami nikatimua mbio hadi hapa mlipo. Ngano yangu imekaa chini. Anayetaka kuibeba, aibebe.