Bilauri ya Kwanza

Haya, sogeeni. Nina kisa, na aibu iliyomo ni yangu mwenyewe.

Kibofu changu kina walinzi watatu, kama chako. Utando, ngozi ya ndani, anaweza kujibandua akaanguka pamoja na adui aliyemng'ang'ania. Chembe Nyeupe, askari wa damu, huwameza wadudu wakiwa hai, kisha nao hufa. Homa hana silaha. Yeye huupasha mwili moto mpaka kila mtu ajue kuna jambo.

Nilipoolewa niliwekwa fungate, siku saba ndani, pamoja na Bi Zuwena, somo yangu aliyenifunda. Choo kilikuwa uani, na uani ndiko wakwe zangu walikokaa wakichambua mchele. Niliona haya kupita mbele yao kila mara, wote wajue ninakokwenda. Basi nikajizuia. Maji aliyoniletea Somo nikayamwaga dirishani, nipate kwenda mara moja tu kwa siku.

Siku ya tatu mkojo ukaanza kuniunguza. Vijidudu vilishaingia, nami nilikuwa nimewanyima walinzi wangu maji ya kuvisukuma nje.

Utando alitangulia. Alijibandua vipande vipande, na kila kipande kikaondoka na vijidudu vilivyokishika. Alikufa hivyo bila kunisumbua, wala sikujua.

Chembe Nyeupe wakafuata kwa maelfu. Walimeza, wakafa, wakaja wengine, mpaka mkojo ukawa mzito kama maji yaliyooshewa mchele. Nikamimina ndoo nzima ya maji chooni ili mtu asione. Somo akaniuliza, "Mwanangu, mbona huketi ukatulia?"

"Nimechoka tu, Somo." Nilimdanganya mtu aliyenisinga, akanipaka manukato mwili mzima kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya tano vijidudu vikapanda kwenye figo, na Homa akaja. Mama mkwe alikuwa ananiletea uji. Akanikuta natetemeka, meno yanagongana, akaita, "Bi Zuwena, njoo, bibi harusi anaungua." Uani kote wakasikia. Nilitamani ardhi inimeze.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alitazama mkojo wangu. "Huu ukungu ni askari wako waliokufa," akasema. "Bila wao, na bila ngozi iliyojibandua, figo zingeshaharibika. Na bila homa usingeletwa, dawa ingekukuta umechelewa."

Nikawaambia yote, hata maji niliyoyamwaga dirishani. Njiani kurudi Somo hakunigombeza. Alisema tu, "Yale maji nilikuletea kwa mkono wangu, Mwanakombo." Maneno hayo yaliniuma kuliko ugonjwa. Nikamwomba radhi palepale barabarani, akanipa.

Nyumbani mama mkwe alinisubiri mlangoni, Somo akamweleza yote. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. Kisha akanishika bega. "Hata sisi tunakojoa, mwanangu."

Wamebaki watatu wa ndani ambao sijawaomba radhi. Nimepona, na mbele yangu ipo bilauri ya maji, ya kwanza ninayoinywa bila kujificha. Nataka kuinywa kwa jina la mmoja wao, na kila nikiishika naona haya upya. Utando, aliyekufa kimya nisijue? Chembe Nyeupe, ambao maiti zao nilizimwaga kwa kuwaonea aibu? Au Homa, aliyenifedhehesha mbele ya wakwe, niliyemchukia kuliko wote?

Je, wewe ungempa nani bilauri hii?