Matanga Barazani kwa Simba

Ukame uliikamata nchi ya wanyama hata vyura wakasahau kuogelea. Maji yalibaki ng'ambo ya korongo tu, na njia ilikuwa moja: daraja la kamba za ngozi lililojengwa na Fisi, fundi mkuu wa serikali ya Simba. Asubuhi moja daraja likakatika, wakafa wanyama kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa Kinyemi, mtoto wa pekee wa Mama Digidigi.

Wafiwa wakaenda kwa Simba kuomba uchunguzi. Simba, asiyependa kuambiwa kwamba kitu chake kimevunjika, akaunda tume na kumpa Fisi uenyekiti.

"Nani analijua daraja kuliko aliyelijenga?" akanguruma.

Kikao cha kwanza cha tume kilipanga tarehe ya kikao cha pili. Cha pili kikataka marehemu waje wenyewe kutoa maelezo.

"Mwanangu amekufa, mheshimiwa," akasema Mama Digidigi.

"Basi alete barua ya udhuru," akajibu Fisi.

Mama Digidigi akarudi nyumbani akilia kwa hasira. Hakutaka fidia, alitaka aambiwe kilichomuua mwanawe. Katika nchi ile matanga hayaanuliwi mpaka chanzo cha kifo kitajwe mbele ya wafiwa, na penye matanga nyama hailiwi.

Jirani yake Sungura akajikuna sikio. "Mama, mkeka wa matanga umeutandika wapi?"

"Si hapa kwangu?"

"Ndiyo maana tume haina haraka. Uhamishe."

Kesho yake wafiwa wote wakatandika mikeka barazani kwa Simba, mlango kwa mlango na ofisi ya tume. Simba akaona haya kuvunja mila mbele ya raia. Akaletewa uji wa mtama, na Fisi naye uji wa mtama.

"Uji huu una afya," akasema Simba, machozi yakimlengalenga.

Siku ya tatu Fisi akaahirisha kikao, akajichimbia katika chumba cha ushahidi, kilimowekwa kipande cha kamba kilichookotwa korongoni. Mama Digidigi akasikia kitu kikitafunwa. Akasukuma mlango kwa kichwa. Kamba ilikuwa ikining'inia mdomoni mwa mwenyekiti.

"Nachunguza!" akasema Fisi.

Simba akatokea nyuma, tumbo likinguruma kumshinda mwenyewe. "Umegundua nini?"

"Kavu, Mfalme. Zile nilizokula darajani zilikuwa na mafuta."

Hapo hata Fisi alijua amechelewa.

"Rudia," akasema Mama Digidigi. "Mtaje mwanangu."

Fisi akamtazama Simba, hakuona huruma. "Kinyemi alikufa kwa sababu nilikula kamba za daraja."

Mama Digidigi akalia mpaka akatosheka, kisha akakunja mkeka. Fisi akavuliwa cheo, akaamriwa asokote kamba za katani, na daraja jipya alivuke yeye wa kwanza kila asubuhi.

"Matanga yameanuliwa!" akanguruma Simba. "Leteni nyama!"

Wafiwa wakatimka kabla hajaulizwa nyama gani. Mama Digidigi peke yake ndiye aliyetembea, mkeka kichwani.

Mficha maradhi, kilio humuumbua.