Nguchiro Mrushaji na Kiboko Mwenye Bwawa

Jamani, mpo?

Tupo.

Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha jikoni?

Tumekuja nayo.

Hadithi inapita mlangoni, nani anaikamata?

Sisi hapa.

Ikamateni vizuri basi, maana hii ina mahali inateleza.

Alikuwepo Nguchiro mmoja, mdogo, mkia kama ufagio uliochakaa. Nguchiro mnamjua. Akiokota yai, kinywa chake ni kidogo, jino halishiki. Basi hufanya hivi: huligeuzia jiwe mgongo, huinama, hushika yai kwa mikono miwili, hulirusha nyuma katikati ya miguu. Fyuu, ta. Yai limepasuka, watu wanakula.

Nguchiro huyu alikuwa hodari kuliko wenzake wote wa kichuguu. Alikuwa akimvunjia mama yake. Mama alikuwa mzee, kiuno kimekaza, hawezi tena kuinama akarusha. Kila asubuhi mwanawe anatafuta yai, anageuka, anainama, fyuu, ta, mama anakula. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na hakuwa na kazi nyingine duniani.

Ukaja ukame. Kwao likabaki bwawa moja tu, nalo lilikuwa la Kiboko. Kiboko yule alikuwa mkubwa, na alikuwa mroho. Alikula majani usiku kucha na asubuhi akaulizia majani. Ukoo wa Nguchiro walikwenda kunywa kwa kunyatanyata, wakakamatwa. Kiboko alikuwa karibu kuwakanyaga wote, ndipo akamwona kijana mmoja kando anamvunjia mama yake yai. Fyuu, ta. Jiwe lilikuwa mbali, hatua ishirini, na yai likapiga palepale.

Kiboko akafunga kinywa. Akafikiri.

Lazima niwaambie, nchi ile walikuwa na mchezo wao, mchezo wa rungu. Mmoja anarusha koche, lile tunda gumu la mkoche, kubwa kama ngumi. Mwenzake anasimama na rungu mbele ya kisiki, analipiga. Akilikosa, koche linagonga kisiki. Akikosa mara tatu, ametoka, aje mwingine. Wakitoka tisa, upande wao umeshindwa. Na wanaoshindwa huwaachia washindi malisho yao. Hivyo ndivyo walivyogawana majani katika nchi ile, hawakuwa na mahakama.

Kiboko akasema atawaacha ukoo wote wanywe, mchana na jioni, ila huyu kijana afuatane naye akamrushie. Nguchiro akamtazama mama yake. Akaapa mbele ya Kobe, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi wa michezo yote: "Nitamrushia Kiboko mpaka siku koche langu litakapopigwa."

Kiboko akaongeza lake: "Na mgeni akilipiga, ukoo wako wasikanyage tena kwenye bwawa langu."

Kobe akatikisa kichwa kwamba amesikia. Nguchiro akaondoka. Mama yake alibaki mlangoni pa kichuguu mpaka vumbi likatulia.

Wakateremka na mto, siku saba za kutembea. Mchezo wa kwanza ulikuwa na nyati. Akaja nyati mkubwa, rungu kinywani. Nguchiro akamgeuzia mgongo. Watu wakacheka, mrushaji gani huyu anamwonyesha mwenzake matako. Nguchiro akainama. Fyuu, ko, kisiki. Nyati hajapepesa jicho. Fyuu, ko. Fyuu, ko. Nyati ametoka. Akaja wa pili, fyuu, ko. Akaja wa tatu, fyuu, ko. Wakatoka wote tisa, na watu hawakucheka tena. Kiboko akaingia katika malisho ya nyati, akala mpaka akalala humo humo.

Wakacheza na pundamlia. Fyuu, ko. Wakacheza na nyani, wenye mikono, waliodhani mikono itawasaidia. Fyuu, ko. Hata tembo walikuja, rungu lao ni shina zima, upepo wake tu ulimwangusha Kobe. Fyuu, ko, wakaenda zao wamekunja masikio.

Jina la Nguchiro likaenea mto mzima. Alipoingia uwanjani waliimba, "Geuka, Nguchiro, geuka." Yeye anageuka, wao wanapiga mayowe. Watoto wa kila aina ya mnyama wakawa wanatembea wameinama, wanachungulia katikati ya miguu, mama zao wanawachapa. Na yeye ushujaa wake wote aliuona hivyo, kichwa chini miguu juu. Hakuna mpigaji hata mmoja aliyemwona uso kwa uso.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha, akaja Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa, jirani yao wa tangu zamani. Akasema mama anasalimu, na anauliza atarudi lini. Nguchiro akaenda kwa Kiboko kuomba ruhusa.

"Mchezo mmoja tu," Kiboko akasema, "halafu uende."

Akacheza mmoja. Akarudi kuomba.

"Mchezo mmoja tu, halafu uende."

Hapa nisimsingizie Kiboko peke yake. Mwaka ule Nguchiro angeweza kulia, angeweza kulala chini akagoma, na pengine angepata siku zake chache. Hakufanya. Alikuwa amesikia jinsi wanavyoimba, na ilikuwa tamu. Akamwambia Hondohondo amwambie mama kwamba anakuja karibuni. Hondohondo akaruka na neno hilo, siku kadhaa za kuruka.

Mwaka wa tatu Hondohondo akaja tena. Mama anasalimu. Macho yamefifia, lakini mlangoni anakaa. Nguchiro akaenda kuomba.

"Mchezo mmoja tu, halafu uende."

Safari hii Nguchiro hakufurahi. Kiuno chake kilikuwa kimeanza kulia, kwa kuinama asubuhi na jioni. Akimaliza kucheza alikuwa hawezi kunyooka, anatembea amepinda mpaka jua lizame. Tena alikuwa ameanza kuwaona wanaoshindwa. Aliwaona wakiondoka na ndama wao, wanakwenda kutafuta majani pasipo na majani, huku Kiboko anakanyaga malisho kumi na manne ambayo hawezi kuyamaliza. Akatamani koche lake lipigwe. Lakini mgeni akilipiga, mama hatakunywa. Basi akarusha. Fyuu, ko. Alirusha vizuri kuliko zamani, kwa hofu.

Mwaka wa tano Hondohondo akaja na hakutua mbali. Alitua mbele yake. Akasema mama hasimami tena, anasukumiwa majani ya kulalia, na haombi kitu ila mwanawe aje amvunjie yai moja.

Nguchiro hakwenda kuomba ruhusa. Alikaa chini akafikiri siku nzima. Kisha akaenda kwa Kiboko, akamsalimu shikamoo, akaanza kumkuna nyuma ya sikio, mahali Kiboko anapopenda.

Akamwambia kwamba watu wamekuwa na maneno. Kiboko akataka kujua maneno gani. Nguchiro akasema si neno, ni upuuzi tu. Kiboko akainuka nusu.

"Sema."

"Wanaulizana kama wewe mwenyewe unaujua mchezo, Mzee. Nikawaambia unaujua. Wakacheka."

"Walicheka?"

"Si sana. Walioanguka chini walikuwa wachache."

Usiku ule Kiboko hakula. Na Kiboko asipokula, jueni kuna jambo. Alikuwa na malisho, alikuwa na mabwawa, lakini nyimbo zote zilikuwa za kile kidudu chenye mkia wa ufagio. Akazitaka na nyimbo. Asubuhi akamwita Kobe, akamwambia atangaze: leo hakuna wageni, leo mwenyewe anashika rungu, na atakayerusha ni Nguchiro.

Wakaja wote. Walikaa mpaka juu ya miti. Kiboko akaingia, ameng'ata gogo la mkwaju, tumbo linaburuza vumbi. Akasimama mbele ya kisiki. Nguchiro akageuka, akainama, akamwona bwana wake kichwa chini miguu juu.

Koche la kwanza alirusha kwa nguvu zake zote, kwa sababu la ulegevu lingejulikana. Fyuu, ko. Kiboko alipunga gogo wakati koche limeshalala. La pili vilevile. Fyuu, ko. Watu wakaanza kuguna, na Kiboko akaanza kutoka jasho lake lile jekundu.

Likabaki moja. Nguchiro akalishika koche. Miaka mitano hakuna aliyemgusa. Nyati hawakumgusa, tembo hawakumgusa. Kitu hicho ndicho pekee alichokuwa nacho katika dunia ile ya mto, hakuwa na malisho wala bwawa. Na sasa anakitoa mbele ya macho yao wote, wala hawezi kumwambia yeyote kwamba anakitoa. Iliuma, jamani. Msidhani haikuuma. Akamfikiria mama yake amelala pale, akarusha.

Fyu.

Polepole, juu kidogo, mahali hata kipofu angepata.

Paa. Koche likapaa, likapita miti, likavuka mto, halikuonekana tena.

Uwanja ukapasuka kwa kelele. Kiboko anazunguka na gogo lake kinywani, analia kwa furaha, na watu wanaimba jina lake, na wengine wanamcheka Nguchiro waziwazi, kumbe naye ni wa kawaida tu. Kobe akaja polepole mpaka katikati. Ilichukua muda, mnamjua Kobe.

"Kiboko, koche lile umelipiga kweli, au mtoto amekuachia?"

Kiboko akatua gogo. Sasa ndipo kiapo kikamjia, kile cha mpaka siku koche litakapopigwa. Akamtazama Nguchiro, akaelewa. Akitamka kwamba ameachiwa, mrushaji anabaki, lakini nyimbo zinakufa palepale, na kicheko kinaanza. Akawatazama watu juu ya miti. Walikuwa bado wanaimba.

"Nimelipiga kweli," akasema.

"Basi kiapo kimekwisha," akasema Kobe. "Na hakulipiga mgeni, kwa hiyo ukoo wake waendelee kunywa. Nenda, mwanangu."

Nguchiro akaondoka saa ileile, hakuaga. Siku saba kwa mzima, yeye alitembea kumi na mbili, kiuno kimepinda. Njiani alipumzika kwenye kivuli na familia ya ngiri waliokuwa wakichekeana. Walikuwa wanahadithiana habari za mrushaji fulani wa huko chini, eti mashuhuri, kumbe hata Kiboko yule mnene kampiga. Wakamwuliza yeye mgeni kama amesikia. Akasema amesikia. Akacheka nao kidogo, akaendelea.

Alipofika, alimkuta mama mdogo, mdogo wake mama, ameketi mlangoni pa kichuguu. Mama mdogo akainuka. Hakusema karibu. Akamshika mikono yote miwili, na hapo Nguchiro akajua.

Akauliza ni lini. Akaambiwa ni nusu mwezi sasa. Hondohondo alikuwa bado yuko hewani na ule ujumbe wa yai, mama akafariki. Siku ile Nguchiro anamkuna Kiboko sikio, mama alikuwa ameshazikwa. Siku ile ya kelele zote zile, hakukuwa na mtu wa kurudiwa.

"Hakuteseka," mama mdogo akasema. "Jioni alikuwa akituuliza kama umekula."

Nguchiro akauliza kama mama alipata kusikia habari zake, za uwanjani.

"Tulimwambia mwanao ana jina kubwa huko. Akasema, kwani wamembadilishia? Alijua tu unamvunjia mayai mkubwa mmoja. Alikuwa akimwonea wivu huyo mkubwa."

Nguchiro akalia. Alilia kama mtoto, mbele ya watu, bila kuficha uso. Mama mdogo akamwonyesha mahali walipomlaza mama, chini ya mkole nyuma ya kichuguu. Akaenda akakaa pale. Hakuweza hata kuinama sawasawa kuyaondoa majani, ikabidi mama mdogo amwondolee.

Kiboko? Kiboko alikaa na nyimbo zake mpaka mchezo uliofuata, na nyati. Hana mrushaji. Nyati walipiga makoche mpaka yakaisha, wakachukua malisho yao, na pundamlia yao, na kila mtu yake. Akabaki na bwawa moja, anawanywesha ukoo wa Nguchiro mchana na jioni, kama kiapo kilivyosema. Mnaona alivyotiwa adabu. Lakini Nguchiro hakuwahi kwenda kumtazama.

Hadithi yangu imekaa chini, imechoka. Penye utamu gawaneni, penye uchungu niachieni, mimi nimepazoea.

Na funzo?

Funzo lipo, nani alisema halipo. Funzo ni hili: ukiwa na kazi ya watu, imalize kwanza. Usiwe na papara ya nyumbani. Mama haendi popote. Mama yupo palepale ulipomwacha, hazeeki, haugui, hata miaka mitano atakungoja, hata kumi. Kazeni kazi, wanangu.

Mbona mnainuka? Kaeni. Nimesema yupo.