Bakuli Lililorudi Tupu

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakifagia ua na kusutana vibarazani kama sisi, Kifaru na Kiboko walikaa ua mmoja. Jiko moja, mtungi mmoja, hata mafua walipata pamoja.

Humo uani alikuwamo Tembo, mgeni aliyekaribishwa alale usiku mmoja, akakaa mpaka akawa mwenye nyumba. Siku alipochoka aliokota kijiti. Krrrrr! Akachora mstari katikati ya ua.

"Kifaru huku, Kiboko kule. Kwaherini!"

Akaenda zake, wala hakugeuka nyuma.

Mstari ule ulipita juu ya shimo la Nguchiro. Shimo lilikuwa na milango miwili; sasa mmoja ukawa kwa Kifaru, mmoja kwa Kiboko. Mwingine angelia. Nguchiro alipangusa masharubu akasema, "Milango miwili, majiko mawili. Mke wangu, tumetajirika!"

Na kweli. Jioni jirani humpelekea jirani alichopika, na bakuli la jirani halirudi tupu, hata likirudi na chumvi. Kifaru akipeleka boga la nazi, Kiboko hurudisha bakuli na kunde. Na mpelekaji nani? Nguchiro, mwepesi wa miguu.

Jioni moja Kiboko alizipika kunde kwa tui zito mpaka zikang'aa. Nguchiro akafika na bakuli mstarini, akanusa.

"Nionje moja tu." Nyam! "Hiyo ilikuwa ya upande huu. Nionje na ya upande ule." Nyam nyam nyam! Kuja kushtuka, analamba udongo wa bakuli.

"Limerudi tupu?" Kifaru aliinamia bakuli mpaka pembe ikagonga, ko! "Kiboko amesemaje?"

Nguchiro bado alikuwa na kunde moja shavuni. "Hakusema kitu, mzee. Alicheka tu."

"Alicheka!"

Kesho yake Kifaru hakupeleka kitu. Kiboko akangoja, akangoja, mwisho akamwita Nguchiro kwenye mlango wa pili. "Huko kwa mwenzangu kuna nini?"

"Ah, mzee wangu, macho ya mwenye njaa huona ukungu."

Akapewa ugali na samaki. Ukungu ukaondoka.

"Nimemwona anachonga rungu."

Uongo mtupu! Lakini Kiboko akachonga rungu la kweli. Nguchiro akavuka kumpasha Kifaru habari, akapewa viazi, na Kifaru naye akachonga lake. Basi maisha yakawa hayo: asubuhi uongo, jioni umekwisha kuwa kweli, na kitambi cha Nguchiro kinagusa chini.

Marungu nayo yakaisha utamu. Akatafuta jambo jipya.

"Mzee Kifaru, usishtuke. Kiboko ametia nyigu chunguni, akaziba kwa jani la mgomba. Anasema akikirusha hapa, ukoo wako wote utakwisha."

Nyigu wenyewe Nguchiro hakuwaona popote. Lakini jua lilipozama, Kifaru alikuwa na chungu kinachovuma, vuuuuu! Kesho yake Kiboko naye anacho. Kila mmoja akakiweka chake pale kitakapomfikia mwenzake upesi, yaani mpakani. Kimoja mlango huu wa Nguchiro, kimoja mlango ule.

"Baba Watoto," mkewe akamwambia, amekumbatia vichanga ambao hata macho hawajafumbua, "chungu kimoja kikipasuka, hawa tutawatoa wapi?"

Nguchiro akaliacha tonge bakulini. Akatoka mbio mpaka kwa Kifaru.

"Mzee, lile bakuli... kunde nilizila mimi! Kiboko hakucheka!"

Kifaru akamtazama kwa huruma. "Amekutuma."

"Haki ya Mungu, nilikula mimi!"

"Yaani nimeng'atwa na nyigu mpaka kwenye kope kwa sababu ya kunde? Unaniona mpumbavu? Ugomvi wetu una mizizi mirefu, kijana, wewe hujazaliwa!"

Akakimbilia kwa Kiboko.

"Bakuli?" Kiboko akashangaa. "Bakuli gani? Mimi na yule tumechukiana tangu matumboni mwa mama zetu."

Ndipo huko ng'ambo Kifaru akapiga chafya. Chyaaa!

"Umesikia? Amenitukana!" Kiboko akanyanyua chungu. Kifaru akamwona, akanyanyua chake. Vuuuuu! Vuuuuu! Mama wa watu akawalalia wanawe chini.

Nguchiro aliruka juu ya mstari, akasimama kwa miguu ya nyuma.

"Rusheni, wazee wangu, rusheni! Ila nauliza tu. Hao nyigu, mmeshawaonyesha mpaka?"

Vyungu vikasimama hewani.

"Mpaka gani?"

"Huu wa Tembo. Nyigu akitoka humo atajuaje wa huku ni nani na wa kule ni nani? Nyote mna makalio manono."

Kiboko akajishika nyuma. Kifaru akashusha chungu taratibu, kama ashushwavyo mtoto aliyelala.

"Nyigu wangu wana akili," Kiboko akasema, naye akishusha chake. "Watajifunza."

"Wangu watajifunza kabla ya wako!"

"Basi wafundisheni," akasema Nguchiro. "Wakishaujua mpaka, mtarusha."

Tangu siku ile, kila asubuhi, wazee wawili wazima huinamia vyungu. "Huku nyumbani! Kule kwa adui! Semeni!"

"Vuuuuu," hujibu nyigu.

Jioni Nguchiro huitwa kutega sikio kwenye jani. "Wamejua?"

"Bado kidogo, mzee. Bado kidogo."

Naye huwekewa bakuli kila upande, kunde za nazi, zimejaa pomoni, zinang'aa. Hulitazama tu. Hawezi kutafuna, maana akitafuna hasikii vyungu, na majani yale ya mgomba yameanza kukauka. Bakuli hurudi limejaa vilevile.

Nami nawaambia, wanangu: mla cha kati ya majirani wawili, hulala kati ya vyungu vyao.