Mtindi Usiwe Mchachu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti nyembamba, au nanyi mmenyang'anywa mtindi? Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, wanyama walipokuwa na soko na serikali, Mfalme Simba alionja mtindi wa Bi Ng'ombe. Akakunja uso. "Maziwa yameoza!" Ikawa sheria: mtindi marufuku sokoni.

Bi Ng'ombe akaumia. Mtindi huo ndio aliompa Nyati sokoni, naye Nyati akampa magadi ya kulambwa na ndama wake. Bila magadi, ndama akakonda, akakonda, mbavu zikaonekana. Mama mtu akalia nyumbani, kisha akaenda kulia ikulu.

Simba ana huruma, jamani! Akalegeza sheria. Ngoma zikapigwa, ndu! ndu! ndu! Fisi, mkaguzi wa soko, akatangaza: "Mtindi ruhusa! Mradi usiwe mchachu."

Wanyama wakashangilia. Bi Ng'ombe akabeba kibuyu mbio mbio mpaka sokoni. Fisi akaonja.

"Mchachu huu, mama. Naukamata." Gu! gu! gu! Akaukamata wote, tumboni.

"Mheshimiwa, mtindi usipochacha si mtindi!"

"Umelegezewa sheria, bado unalalamika? Huna shukrani wewe!"

Kesho yake akaleta maziwa ya asubuhi ileile, matamu.

"Haya si mtindi," akasema Fisi. "Ruhusa ni ya mtindi." Gu! gu! gu!

"Basi niuze nini?"

"Kibuyu," akasema Fisi, akipangusa midomo. "Kibuyu hakina shida."

Bi Ng'ombe akarudi amefura kwa hasira. Akamwita Nyati, wakabadilishana mtindi na magadi palepale zizini. Wenzake wakamwiga. Ndama akanenepa. Sokoni wakabaki nzi na Fisi, wote wana njaa.

Siku moja Simba akaumwa tumbo. Akaambiwa dawa ni mtindi. Akaja sokoni mwenyewe.

"Mtindi uko wapi?"

"Umeruhusiwa, Mfalme," akajibu Fisi.

"Nimekuuliza uko wapi!"

"Umeruhusiwa kabisa, Mfalme."

Simba akajikokota mpaka kwa Bi Ng'ombe, akapiga hodi. Akapewa kibuyu. Akakishika kwa mikono miwili.

"Ngoja, Mfalme wangu," akasema Bi Ng'ombe. "Mbona mtindi huu umechacha? Tumwite Fisi aukamate?"

Simba akanywa kwanza, mpaka tone la mwisho. Kisha akaenda kwenye ubao wa sheria sokoni, akaifuta ile "mradi usiwe mchachu" kwa mkia wake mwenyewe.

Basi wakubwa kwa wadogo, mjue: ruhusa isiyotumika ni katazo lililovaa nguo za sikukuu. Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye mtindi anywe kabla mkaguzi hajafika.