Bi Digidigi Avuka Mpaka na Gari Lake

Waungwana, niingie?
— Ingia.
Nina ngano mgongoni, imenichosha.
— Itue tuisikie.

Hapo kale kidogo, si kale sana, Bi Digidigi na mumewe walifunga safari kwa gari lao kwenda likizo nchi ya jirani, kuoga kwenye chemchemi za maji moto. Kwao magari hupita kushoto. Kule hupita kulia. Basi tangu walipovuka mpaka, Bwana Digidigi aliishika dashibodi, kwato zikigonga tiki-tiki-tiki.

"Shika kulia, mke wangu."
"Nimeshika kulia."
"Kuna lori mbele."
"Nimeliona."
"Bado umeshika kulia?"
"Bado, mume wangu. Pumua."

Tatizo usukani wao nao ulikuwa kulia. Bi Digidigi akitaka kulipita lori, haoni mbele, mpaka mumewe amchungulilie.

"Njia nyeupe?"
"Nyeupe. Hapana, rudi, rudi."

Vuuuum! Basi likapita karibu kabisa nao. Wakalifuata lori kilomita tano nzima.

Kwenye kona wakamkuta Fisi amesimama katikati ya barabara, mkono juu. Fisi huyu kazi yake ilikuwa kuwanyang'anya wageni magari. Alivaa kofia ya askari. Bi Digidigi akamtazama miguuni: ndala za bafuni. Akajua si askari. Lakini na meno aliyaona.

"Bima ya nchi hii?" akauliza Fisi.
"Ipo."
"Leseni?"
"Ipo."
"Mtungi wa kuzimia moto?"
"Upo."
"Pembetatu ya tahadhari?"
"Zipo mbili."

Fisi akakasirika. Akazunguka gari mara moja, akazunguka mara ya pili. Kisha akatabasamu.

"Usukani wako uko upande mbaya. Hilo ni kosa. Gari nalichukua."

Bwana Digidigi akaanza kuteleza kitini kama nguo inayoanguka. Bi Digidigi akasema taratibu, "Lichukue, mkubwa. Ila tangi liko karibu kukauka. Twende nikalijaze, kisha sisi tushuke."

"Lijaze pomoni," akasema Fisi.
"Na kapu hili la sambusa?"
"Langu pia."
"Basi kaa mbele, kiti cha kushoto. Huku kwenu wenye magari wote hukaa kushoto. Kila atakayekuona atajua gari ni lako."

Fisi akapenda maneno hayo. Bwana Digidigi akahamia nyuma, Fisi akajitupa mbele, mkanda ukafungwa, kacha. Akaingiza kichwa kapuni. Nyam, nyam, nyam.

Bi Digidigi akaendesha. Pua ya Fisi ilikuwa shibri moja tu na mkono wake. Kituo cha mafuta cha kwanza akakipita. Cha pili akakipita.

"Bado?" akauliza Fisi, kichwa kapuni.
"Karibu, mkubwa."

Sambusa zilibaki chache Bi Digidigi alipoona bendera, lango na magari ya polisi. Akakata kona, akaingia uani, akazima injini. Nyuma yao lango likafungwa, ngwaa. Akashuka na ufunguo, mumewe akashuka, wakakimbilia kwa Mbogo, mkuu wa kituo, wakamnong'oneza yote.

Mbogo akaja dirishani. "Gari hili la nani?"

"Langu," akasema Fisi, mdomo umejaa.
"Lako kweli?"
"Langu, la mtu mwingine liwe vipi?"
"Basi lisogeze kidogo, limeziba njia."

Fisi akainua kichwa. Akapapasa mbele yake. Hakuna usukani. Akafungua kijisanduku cha dashibodi, akachungulia. Akainama chini ya kiti.

"Ulikuwapo," akasema kwa sauti ndogo.

Askari wakamshusha, na ile kofia wakamvua.

Bi Digidigi akaketi kivulini, akalia kidogo. Mumewe akamshika mkono mpaka akatulia. Ndipo wakaenda kuoga.

Fundisho, waungwana: ukiendesha gari lako ugenini, usiwe na wasiwasi hata chembe. Kila akusimamishaye mpakie, mpe kiti cha mbele, na chakula chako chote ale yeye.

Ngano imefika ukomo. Mdomo naufunga, masikio nawarudishia.